Vitu vya Wifi

Mliniacha katikati ya sebule tupu, nimeshika ufagio, nikikohoa na kusikia kikohozi changu kikinijibu kutoka chumbani.

Kwa wewe unayeanza kunisoma leo, nitaeleza kwa kifupi, maana hata mimi sipendi kuirudia. Mume wangu alikuwa fundi wa lifti. Aliugua kifua, akalazwa, akafariki. Msiba haujapoa, ndugu zake wakaja na lori wakabeba kila kilichokuwa ndani, wakisema ni jasho la ndugu yao. Walibeba makochi, kitanda, jiko, na friji pamoja na barafu yake. Walifungua hata balbu.

Kilichobaki ni nyumba yenyewe, ghorofa ya nne, vyumba viwili na sebule. Ilibaki kwa sababu hati yake ina majina mawili, lake na langu, na jina langu hawakuweza kulipandisha kwenye lori.

Mimi nashona mapazia. Baada ya kunyang'anywa vitu, nilihamia na binti yangu katika chumba kilicho nyuma ya duka letu la kushona, tukawa tunalala katikati ya majora ya vitambaa. Nilikuwa nimekata shauri: nyumba nitaipangisha, na kodi yake itamsomesha binti yangu amalize mwaka wake wa mwisho wa sekondari.

Hapo ndipo nilipomwita dalali.

Watu humwita Bila Shaka, kwa sababu hana jibu jingine. Alipanda ngazi akihema, akazunguka vyumba vyote, akafungua bomba la jikoni na kulifunga.

"Nyumba nzuri, mama," akasema. "Lakini tupu."

"Mpangaji si anakuja na vitu vyake?"

"Bila shaka. Ila swali ni mpangaji wa namna gani. Nyumba tupu huchukuliwa na watu wa familia. Watakaa miaka, watalipa kwa kuvutana, watagonga misumari, watoto watachora ukutani. Nyumba yenye vitu huchukuliwa na mtu wa mkataba. Anakuja na sanduku moja, ofisi yake inalipa mwaka mzima kwa mkupuo, akimaliza kazi anaondoka. Na kodi inakaribia mara mbili."

"Na vitu vikiharibika?"

"Bila shaka vitaharibika."

Nilimtazama. Alikuwa hatanii.

Nilirudi dukani kichwa kikiniwanga. Mwenzangu pale dukani ni mama mmoja mtu mzima, kazi yake kutia vifungo na zipu, ndiyo maana tunamwita Mama Vifungo. Huzungumza na pini mdomoni, na sijawahi kumwona akimeza hata moja.

"Usiweke hata kigoda," akaniambia. "Kitanda kikivunjika, utaitwa wewe. Friji ikigoma, utaitwa wewe. Sufuria ikiungua, utaitwa wewe. Utakuwa mtumishi ndani ya nyumba yako mwenyewe. Pangisha tupu, chukua kidogo, ulale usingizi."

Binti yangu alikuwa amekaa juu ya jora la kitambaa akifanya hesabu za shule. Hakuinua kichwa.

"Mimi ningeiacha tu ilivyo," alisema. "Tukipata pesa tunarudi kwetu. Ukiweka vitu vya watu wengine, itakuwa si kwetu tena."

Unamjibu nini mtoto aliyesema kweli?

Basi nikaamua kuipangisha tupu. Akaja mwalimu mmoja na mkewe na watoto watatu. Waliipenda. Watoto walikimbia kutoka chumba hiki hadi kile wakigawana vitanda ambavyo havikuwepo. Mke akapima dirisha la jikoni kwa viganja. Nikawa tayari nimeshaona kodi mkononi.

Siku iliyofuata mwalimu akanipigia simu. "Samahani sana, mama. Tumepata nyingine yenye kabati."

Kabati tu!

Akaja kijana na mchumba wake. Wakauliza kwa nini hakuna jiko. Akaja mfanyabiashara wa viatu, akataka kuifanya stoo. Majirani wakamfukuza kabla mimi sijafungua mdomo. Wiki zikapita, nyumba imefungwa, vumbi linakaa bure bila kulipa kodi.

Kisha asubuhi moja nikamwona binti yangu anarudi na begi lake wakati ambapo wenzake wanaingia darasani. Hakulia. Alivua sare yake, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya mto.

"Nimeambiwa nirudi na ada," akasema. Akachukua mkasi akaanza kunisaidia kukata bitana.

Kumwona na ule mkasi ndiko kulikonibadilisha mawazo. Nilijisemea, nyumba itawekwa vitu, hata kama ni kwa meno.

Nikaenda kwa mwuza fanicha zilizotumika. Alikuwa mtu mpole, akanionyesha makochi yaliyobonyea kidogo, kitanda kizima, na meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa waya. Akakubali nichukue vyote kwa mkopo.

"Mume wako aje tu aweke saini," akasema.

"Amefariki."

"Pole sana, mama. Basi kaka yake."

"Kaka yake ndiye aliyebeba makochi yangu."

Akaanza kupangusa meza kwa kitambaa ingawa haikuwa na vumbi. "Unajua, mama, mimi nafuata utaratibu tu. Mtafute hata dada yake marehemu. Mtu yeyote wa upande ule."

Yaani ili ninunue vitu badala ya vile nilivyoporwa, aliyeporwa adhaminiwe na mporaji. Nilitoka pale mdomo umejaa uchungu kama niliyetafuna dawa.

Sijui nani alimfikishia wifi habari. Naweza kukisia, dalali ana mdomo, na mdomo wake ndio mtaji wake. Ninachojua ni kwamba siku mbili tatu baadaye, wifi mkubwa aliingia dukani kwetu.

Huyu ndiye dada yake mume wangu, aliyemfuata kwa kuzaliwa. Anakodisha viti na mahema ya shughuli. Lori lililobeba vitu vyangu lilikuwa lake, na yeye ndiye aliyesimama mlangoni siku ile akielekeza: hicho beba, na kile beba.

Aliingia, akakaa bila kukaribishwa, akaanza kulia.

"Wifi yangu," akasema.

Tangu mazishi hakuwa ameniita hivyo. Alikuwa akiniita "huyo."

"Nimekukosea, wifi. Msiba ulinitoa akili. Kila nikilala namwona kaka yangu ananiuliza, dada, mtoto wangu analala wapi?" Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha mteja wangu. "Nimesikia unahangaika kutafuta vitu vya kuweka ndani. Usihangaike. Nitarudisha vitu. Bure. Hata gari la kubebea ni langu. Tena na mpangaji ninaye, mhandisi wa madaraja, mtu mstaarabu, ofisi yake inalipa mwaka mzima."

Mama Vifungo alikohoa, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba amemeza pini.

Mimi nililia. Nakiri. Nililia na kumkumbatia, nikamwita wifi, nikamwita dada. Mtu akiwa kisimani, hatazami mkono unaomvuta una kucha za namna gani.

Alipoondoka na ufunguo wa pili wa nyumba niliompa, Mama Vifungo akatema pini zake zote kiganjani.

"Umemsikia vizuri?"

"Nimemsikia. Anarudisha vitu vyangu."

"Amesema 'vitu.' Hakusema 'vyako.'"

Nikamwambia ana roho ya kutu. Nikamwambia mtu akitubu apokewe. Yule mama akarudisha pini mdomoni, akaendelea na zipu yake.

Jumamosi tukawahi nyumbani mapema, mimi na binti yangu. Tulipiga deki sakafu, tukafuta madirisha, tukasugua choo mpaka kikang'aa. Binti yangu alikuwa anaimba. Nilikuwa nimemwambia kwamba kitanda chake kidogo kinarudi, kile alichokibandika picha za maua alipokuwa mdogo, na kwamba tutamwomba mpangaji atuwekee kwenye chumba cha pili.

Lori likapiga honi. Wapagazi wakaanza kupanda.

Yakaingia makochi ya kijani kibichi. Yangu yalikuwa ya kahawia.

Ikaingia meza ya chakula ya viti sita. Yangu ilikuwa ya vinne, na kimoja kilikuwa kinayumba. Likaingia jiko jipya. Ikaingia friji ndefu kuliko mimi. Kikaingia kitanda kipana chenye ubao wa kichwani ulionakshiwa, ambacho ilibidi wakigeuze ubavu ndipo kipite mlangoni.

"Hivi si vyangu," nikamwambia wifi.

"Vyako viliuzwa. Tuligawana, kila mtu akala chake. Ulitaka nizunguke kwa watu nidai? Hivi ni bora kuliko vyako, au macho hayaoni?"

"Umevitoa wapi?"

"Kwenye nyumba fulani. Tulia, wifi. Ulitaka vitu, umepata vitu."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha pili, akitazama kila mpagazi anayepanda. Kitanda chake hakikuja. Alipoona mpagazi wa mwisho anashuka mikono mitupu, akarudi kufuta dirisha ambalo alikwisha kulifuta.

Wa mwisho alikuwa ameacha furushi kubwa sebuleni. Nikalifungua.

Yalikuwa mapazia. Rangi ya zambarau iliyoiva, yenye bitana nzito. Nikalishika moja na kuligeuza nyuma, mazoea tu ya kazi, kama kinyozi anavyotazama vichwa vya watu njiani. Nikaona pindo. Nikaona pembe zilizofungwa kwa mishono mitatu iliyopishana.

Ninyi hamwezi kujua, lakini pembe zile nazijua kama ninavyozijua kucha zangu. Marehemu mama yangu alinifundisha kuzifunga hivyo, na katika mji huu sijaona mtu mwingine afungaye pembe namna hiyo.

Nikatafuta kiungo. Kitambaa kile kilinipungukia wakati nashona, ikabidi niunge kipande na kukificha ndani ya mkunjo. Nikapekua mkunjo mmoja, nikapekua wa pili. Kiungo kilikuwepo.

Mapazia yale niliyashona mimi.

Mume wangu ndiye aliyeniletea kazi ile. "Ni ya bosi wangu," alisema. "Amehamia nyumba mpya, mkewe anataka mapazia ya chumbani. Nimempigia debe, nikamwambia nina fundi kwangu." Alikwenda kupima dirisha mwenyewe. Nilishona kwa moyo wote, nikijua nalinda jina la mume wangu kazini. Alipoyapeleka, alirudi na sifa: mke wa bosi amefurahi, anasema nina mikono ya malaika. Akanilipa kama mteja anavyolipa.

Na pesa ile, wasomaji wangu, nilimnunulia yeye shati.

Nikakaa juu ya furushi. Binti yangu akauliza nina nini.

"Nenda kaninunulie sabuni," nikamwambia.

"Sabuni ipo, mama."

"Nenda!"

Akashuka. Wifi alikuwa ameegemea friji, ananitazama. Alisema tu:

"Umeyatambua."

"Alikuwa na nyumba nyingine?"

"Kaka yangu alikuwa mwanamume, wifi. Usijifanye umezaliwa leo."

"Tangu lini?"

"Ukijua utapata nini? Utamfufua umgombeze?"

"Wewe ulikuwa unajua."

"Mimi ni dada yake. Ulitaka nimtangaze?"

Nikakumbuka lifti zilizokuwa zikikwama kila mwisho wa wiki, daima katika jengo la mbali, daima na watu ndani. Nilikuwa nikimfungia chakula. Nilikuwa nikiwaombea watu waliokwama.

"Na huyo mwanamke," nikasema, "jana amelala wapi, kama kitanda chake kiko hapa?"

"Hilo lisikuumize kichwa. Mpangaji anafika saa hizi, naenda kumpokea kituoni na dalali. Wewe tundika mapazia. Chumba kinaonekana uchi."

Akaondoka, viatu vyake vikigonga ngazi moja moja.

Nilibaki na vitu vile. Hapa ndipo ningependa kuwaambia kwamba niliita wapagazi, nikaamuru kila kitu kirudishwe kilikotoka. Mama Vifungo angefanya hivyo. Pengine na wewe unayesoma ungefanya hivyo.

Mimi niliyatundika.

Tena niliyapiga pasi kwanza. Nilichomeka ukutani pasi niliyoikuta ndani ya furushi, nikayanyoosha mkunjo baada ya mkunjo, machozi yakidondoka juu ya kitambaa na kugeuka mvuke. Nilijiambia: alilala na mume wangu nyuma ya mapazia niliyoyashona mimi. Basi vitu vyake na vimlipie mwanangu ada. Vikae hapa, vikaliwe na wageni, vichakae. Nilijisikia nimelipiza. Nilijisikia vizuri kabisa, kwa muda wa kutundika pazia moja.

La pili nilikuwa sijalimaliza, niko juu ya kiti, mkono uko kwenye kulabu, niliposikia sauti ya binti yangu kwenye ngazi.

"Mama, kuna mgeni wako. Alikuwa amechoka, nikamsaidia mtoto."

Akaingia. Kiunoni alikuwa amembeba mtoto wa kike wa kama miaka mitatu. Mtoto alikuwa amemshika shingo kama wanaojuana.

Nilitazama uso mmoja, nikatazama wa pili. Masikio yale yale yaliyotoka nje kidogo. Kidevu kile kile chenye kishimo. Binti yangu alikuwa anatabasamu, hajui amembeba nani.

Nyuma yao aliingia mwanamke amevaa sare nyeupe ya wakunga, imekunjamana kama aliyelala nayo. Alikuwa mdogo kuliko mimi, lakini si sana. Sikumwona urembo niliokuwa nimeshaanza kumtungia kichwani. Alikuwa mtu tu, macho mekundu, kandambili miguuni.

Alitazama makochi. Akatazama friji. Kisha akanitazama mimi juu ya kiti, na pazia mkononi.

"Shikamoo, dada," akasema. "Wapagazi ndio walionielekeza hapa. Naomba uniachie hata kitanda, mtoto apate pa kulala. Vingine chukua."

"Nichukue?"

"Wifi aliniambia wewe ndiye uliyemtuma. Alikuja na lori, akasema marehemu alikuwa na mke, na mke anataka vitu vyote, na nisipotoa utaniitia polisi. Mimi hata sikujua kuna mke. Marehemu aliniambia alifiwa na mkewe zamani. Na wifi huyo huyo ndiye aliyekuwa akinithibitishia. Alikuja kwangu akaniambia, mtunze kaka yangu, ameteseka sana tangu afiwe."

Nilishuka kwenye kiti polepole, maana niliona kinaweza kunitupa.

"Mimi sikumtuma mtu," nikasema. "Alibeba vyangu kwanza. Lori lile lile."

Tukatazamana. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwanamke huyu maisha yangu yote, na sasa nilikuwa siwezi hata kuanza. Hilo nalo liliniuma. Hata chuki yangu wifi alikuwa ameinyang'anya.

"Mama, marehemu gani?" binti yangu akauliza. Tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka. "Mke gani?"

Viatu vya wifi vilikuwa vimerudi kwenye ngazi, na sauti yake mbele yake: "Karibu, mhandisi, karibu sana, polepole na hiyo ngazi."

Akaingia na mwanamume mrefu mwenye sanduku moja, na Bila Shaka nyuma yao akifuta jasho. Wifi alipomwona mkunga, uso ulimbadilika kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga kitu chenye maji. Kisha akacheka.

"Usijali, mhandisi. Hawa ni watu wangu wa usafi."

Mhandisi akatusalimia kwa adabu, sote, hata mtoto. Akazunguka. Akabonyeza kochi. Akafungua friji, akaifunga. Akasimama mbele ya dirisha la chumbani.

"Mapazia mazuri," akasema. "Nimeipenda. Ofisi ilitaka kujua tu malipo yanaingia kwa nani."

"Kwangu," wifi akajibu haraka. "Kila unachokiona humu ni changu, na mimi ndiye utakayenipigia kukiwa na tatizo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vitu vilikuja bure. Hakuweza kunitoa ndani ya nyumba, basi ameijaza vitu vyake na mtu wake, na mimi nimempigia deki na kumtundikia mapazia.

Nikamgeukia dalali. "Kodi inaingia kwa nani?"

Dalali akatazama viatu vyake. "Mama, wifi yako alinieleza kwamba ninyi ni kitu kimoja..."

"Ni kitu kimoja?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na uhakika.

Nikaenda nikasimama mbele ya mhandisi.

"Nyumba hii ni yangu. Hati yake ina jina langu. Vitu hivi ni vya huyu mama uliyeambiwa ni wa usafi, vimeporwa kwake. Huyo aliyekuleta hana humu hata kijiko."

Wifi akapiga kelele kwamba nimerukwa na akili tangu nifiwe. Mkunga akasema, kwa sauti ya chini lakini iliyosikika, "Ni kweli. Vitu ni vyangu." Mtoto akaanza kulia kwa sababu ya kelele, na binti yangu akawa anambembeleza, huku ananitazama mimi bila kupepesa.

Mhandisi akainua sanduku lake.

"Naona niwaache mmalize mambo yenu," akasema. Akashuka. Bila Shaka akashuka nyuma yake akimwita, "Mzee, ninayo nyingine, haina maneno!"

Tukabaki sisi.

Wifi alienda dirishani, akamtazama mhandisi mpaka alipopotea. Aliponigeukia alikuwa ametulia kabisa, na utulivu ule ulinitisha kuliko kelele.

"Umefurahi? Ada ya mwanao ndiyo ile inayotembea na sanduku."

"Nitapangisha tupu. Nitapangisha kwa mwuza viatu. Lakini nyumba ni yangu, na leo utanirudishia ufunguo."

"Nyumba yako." Alirudia neno hilo kama anayeonja chumvi. "Nyumba yako. Ile nusu ya mwisho ya bei, ambayo kaka yangu alikuambia amekopeshwa kazini, uliwahi kuuona huo mkopo ukikatwa kwenye mshahara wake hata mwezi mmoja?"

"Kwa hiyo pesa ilitoka wapi?" nikamuuliza.

"Usiniulize mimi," akasema wifi. "Mimi ni mwongo, mimi ni mwizi. Muulize huyo rafiki yako mpya."

Nikamgeukia mkunga. Alikuwa amemchukua mwanawe kutoka kwa binti yangu na kumfunika uso begani, kama anayemkinga na jua. Alikaa pembeni ya kochi lake la kijani. Alikuwa haniangalii mimi tena. Alikuwa anaziangalia kuta, dari, mlango wa jikoni, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayelinganisha na kitu alichowahi kusimuliwa.

"Nilikuwa na kiwanja," akasema. "Nilirithi kwa baba yangu. Nikakiuza, nikampa pesa yote."

"Kwa ajili ya nini?"

Akainua uso, akanitazama.

"Aliniambia ananinunulia nyumba."